Jikoni kwetu Goma: maswali yenu juu ya mboga za kuoka

Jambo sana wasomaji wetu. Mu namba iliyopita niliandika mistari michache tu juu ya plato ya mboga za kuoka yenye ninapikaka kila siku ya posho, na kusema kweli sikutegemea barua mingi vile, zimetoka Himbi, Katindo, Ndosho, Keshero, hata Bukavu na Lubumbashi, kwa hiyo leo nafasi yote ninaiachia ile plato. Kwa wale hawakusoma: ni karoti, kitunguu, pwavro, biringanya na kurjeti, kilo moja na nusu jumla, unakata, unapaka vijiko vitatu vikubwa vya mafuta na kijiko kimoja kidogo cha chumvi, unatia mu furu yenye imeshapata moto wa digri 220, dakika 35 mpaka 45, unageuza mara moja katikati, mpaka ncha za mboga zinakuwa rangi ya kahawa. Ni ile tu. Lakini ile plato moja inanilishia watu siku mbili kwa sura tofauti, njo maana ninaipenda na ninataka kila nyumba iijue.

Mama Jikoni, nilifata vile uliandika. Furu yangu ni ya umeme, wageni walikuwa wengi basi nikatia kilo mbili na nusu mu plato moja, kisha saa moja nikafungua nikakuta ni kama nimezichemsha, maji imejaa chini, karoti ingali ngumu na biringanya imekuwa uji. Kosa iko wapi? (Mama wa watoto wane, Himbi)

Pole mama, na pole kwa wageni pia. Kosa haiko ku furu yako na haiko ku mboga, iko ku wingi. Mboga ni maji yenye imevaa ngozi. Kurjeti, tomati na biringanya ziko na maji zaidi ya asilimia 90, karoti yenyewe ile tunaonaka ngumu inafika karibu 88. Moto ukipiga, ile maji inatoka inakuwa mvuke. Kama vipande viko na nafasi kati yao mvuke unapanda unaenda zake, kama vimelaliana mvuke unakwama hapo katikati, na pahali maji ingali inachemka moto hauwezi kupita 100, hapa kwetu hata 100 haufiki, maji ya Goma inachemka karibu 95 kwa sababu tuko juu mita 1500 hivi kutoka bahari. Na ile rangi ya kahawa, ile utamu yenye inafanya mutu arudishe kijiko mu sahani bila kuombwa, inaanza ku digri 140 hivi kupanda. Kwa hiyo mpaka maji ya juu ya kipande iishe hautaona rangi, hata ungojee mpaka jioni.

Mimi hii niliijua siku ya ubatizo wa mutoto wa mudogo wangu. Nilibeba mboga kilo tatu ku furu ya jirani, nikazipanga zote mu plato moja mpaka zikatoka juu kama muchanga ku kamyo, na nilikuwa na haraka juu misa ilikuwa inakaribia kuisha. Kisha dakika 40 nilifungua mulango wa furu mvuke ukanipiga mu uso kabisa kama nimefunua sufuria ya birayi, maji ilikuwa imefika nusu ya plato na biringanya imegeuka rangi ya majivu. Jirani njo aliniokoa. Alimwaga ile maji yote mu kasufuria pembeni, akagawanya mboga mu plato mbili, akazirudisha bila kusema neno, na kisha dakika 25 nikasikia ile sauti, chrii chrii chrii, mafuta inaanza kukaanga. Ile maji tuliimwaga mu supu ya maharagi, haikupotea. Kwa hiyo mama, siku nyingine ikikufikia tena usitupe, fanya vile alifanya.

Sasa fanya hivi. Osha mboga mapema na maji ya kunawa yenye umetia dawa ao umechemsha, halafu uzipanguse na kitambaa kikavu, kimoja kimoja, usivivu hapo juu kila tone yenye unaiacha ni tone yenye furu italazimika kukausha kwanza. Yenye ngumu kata ndogo, karoti unene wa kidole, kitunguu mara sita na ile kichwa chake cha mizizi kingali kinashika majani yake pamoja. Yenye laini kata kubwa, kurjeti na biringanya vipande vya vidole vitatu. Kama unapenda tomati ziingie mu dakika 15 za mwisho, zimekatwa mbili, uso ukiangalia juu. Chumvi unatia pale unapotaka kuingiza plato, si nusu saa mbele, juu chumvi inavuta maji. Biringanya peke yake njo naikubalia: unaikata, unainyunyizia chumvi, unaiacha nusu saa itoe machozi yake, unaipangusa, kisha inakunywa mafuta kidogo kuliko ile ingeingia hivi hivi. Na mu plato kila kipande kione chuma, kati ya kipande na kipande uweze kupitisha kidole. Kwa kilo mbili na nusu unahitaji plato mbili kubwa ao unapika mara mbili, hakuna njia ya mukato hapo.

Tena furu ipate moto mbele. Watu mingi wanatia mboga mu furu baridi eti umeme usipotee, halafu mboga inakaa dakika 20 inatoa maji polepole. Hiyo njo inapoteza umeme.

Mimi sina furu, niko na mbabula na sufuria zangu. Rafiki aliniambia nipange mawe ya volkano chini ya sufuria halafu sahani juu yake, huku kwetu mawe iko bure, nikajaribu, jiwe moja likapasuka paa! watoto wakakimbia mpaka inje. Kuna njia ingine? (Dada wa Ndosho)

Aksanti kwa kuuliza hii mudogo wangu, na Mungu asifiwe hakuna mutu aliumia. Yale mawe ya Nyiragongo tunajengea nayo nyumba, tunazungushia nayo parseli, kwa ile kazi hakuna kama hayo. Lakini angalia jiwe moja karibu, liko na matundu kama sponji. Mvua ya hapa unaijua, maji inaingia mu yale matundu inakaa, na ukilipiga moto mukali ile maji inataka kutoka kama mvuke, ikikosa njia inapasua jiwe. Usiyatumie tena.

Tumia muchanga. Chukua sufuria nzito, ile ya zamani yenye kitako kinene, hii myepesi ya aliminiumu itaharibika. Tia muchanga mukavu wenye umechungwa, unene wa vidole viwili, uuache ku moto dakika kumi mpaka hautoi tena unyevu, ukipitisha mukono juu yake bila kuugusa usisikie tena unyevu. Juu ya muchanga simamisha vikopo vitatu vya tomati vyenye viko tupu, juu yao sahani ya chuma ao kifuniko cha sufuria kimegeuzwa, na hapo njo mboga inakaa, safu moja tu. Funika na bati ao kifuniko chenye kiko sawasawa na utie makala ya moto juu yake. Hapa njo siri yote: makala juu iwe mingi kuliko ya chini, kama mafungu mawili juu na moja chini, kwa sababu chini muchanga unashikilia moto, na makala ya juu njo inapiga rangi.

Lakini sufuria ni sufuria, inafunga mvuke. Chukua musumari munene ao kijiti kibichi, ukiweke kati ya mudomo wa sufuria na kifuniko, kibaki kaupenyo ka kama unene wa kalamu. Utaona mvuke inatokea pale kama moshi wa sigara, mingi mara ya kwanza, kisha inapungua. Ikipungua njo mboga inaanza kuoka. Hesabu saa moja hivi, geuza ku dakika 35, na usifunue funue.

Na hii ninaiandika kwa moyo wote: ile mbabula ikae inje, ao mu kikoni chenye mulango na dirisha viko wazi. Siku ya mvua mutu anajaribiwa aingize ndani afunge, watoto wapate na joto. Makala inatoa gazi yenye haina harufu na haina rangi, inaua watu wakiwa wamelala, na haikuonyi. Hata kama moto umepungua, hata makala ikiwa na majivu juu, usilale nayo ndani.

Ukimaliza kuoka usimwage ile makala. Mbabula yenye ingali nyekundu, lalisha juu yake biringanya nzima na pwavro nzima, bila mafuta bila kitu, geuza geuza mpaka ngozi inakuwa nyeusi yote na biringanya inalegea kama mufuko wenye hewa imetoka. Zifunike mu sufuria dakika kumi, ngozi itatoka na vidole. Ile nyama ya ndani iko na harufu ya moshi, ipondeponde na chumvi, ndimu na pilipili, ni mboga ya kesho asubuhi na mukate. Makala ni bei, na tena tunajua mingi inatoka wapi, miti ya parki ya Virunga, ile parki yenye iliundwa 1925, inaingia mu magunia kila siku kwa ajili ya vyakula vyetu. Moto wenye umeshawaka ufanye kazi mpaka mwisho.

Niko mwanafunzi, ninaishi peke yangu Katindo, pwavro na kurjeti hazinitoshei pesa. Inawezekana na mboga za bei ya chini? (Kijana wa Katindo)

Inawezekana kabisa, na tena mimi ningeanzia huko. Karoti, kitunguu, shu na birayi, basi. Karoti na shu za Kibumba zinashuka kila asubuhi, nenda sokoni mapema ukazichague, karoti ndogo ndogo zenye zinashikana na udongo ziko tamu kuliko zile kubwa zenye zimeoshwa tangu jana. Shu watu wanaizarau, wanaikata nyembamba wanaitia mu maji mingi mpaka inanuka. Wewe ikate mara nane kama tikiti, kile kikonyo cha katikati usikitoe juu njo kinashika majani, pakaa mafuta pande zote, lalisha upande mumoja dakika 20, geuza upande wa pili dakika 15. Ncha za majani zinakuwa nyeusi kidogo na zinavunjika mu meno, katikati ni laini na utamu wenye hautaamini ni shu. Kama uko na betrave ioke pembeni, itapaka rangi kila kitu. Lengalenga na sombe ziache mu sufuria yao.

Mama, hii yote si ni ratatuye tu? Masista walitufundisha ku shule na ilikuwa inapikwa mu sufuria. (Mama wa Nguba, Bukavu)

Mboga ni zile zile karibu zote mama, lakini ratatuye, ile ya mji wa Nice ku Ufaransa, ni mboga ya sufuria, biringanya, kurjeti, pwavro, kitunguu, tomati na kitunguu saumu zinapikika pamoja polepole mpaka zinatoa sosi. Masista wenu walifundisha sawasawa. Hii yangu ni kavu, hakuna sosi, kila mboga inabaki na sura yake. Kama unataka ndugu wa karibu zaidi wa hii plato yangu angalia ku Hispania, upande wa Katalonia, wako na mboga yenye wanaita escalivada, biringanya na pwavro za kuchomwa, zinachunwa zinakatwa mirefu na mafuta ya zeituni, na lile jina linatoka ku neno lao la kuchoma mu majivu ya moto. Niliposoma hiyo nilifurahi sana, juu ni ile ile nimemuambia dada wa Ndosho afanye na makala yake yenye inabaki. Na wewe mama, kwa vile unajua ratatuye, jaribu hii: oka mboga kwanza vile ninasema, halafu uzitie mu sosi ya tomati dakika tano za mwisho tu. Utapata vyote viwili.

Bibi yangu alipika ile plato, ilitoka vizuri, rangi vizuri, lakini bugali ilikosa rafiki. Bugali bila sosi inapitaje? Watoto walikula mboga peke yake wakaacha bugali. Utuambie inakuliwa na nini. (Baba wa Keshero)

Baba, swali yako njo imefanya nipange hii namba yote. Aksanti, na unisalimie mama huko, kupata rangi vizuri mara ya kwanza si kitu kidogo.

Uko na haki, bugali inataka kitu cha kuchovya. Mimi siku ya kwanza ninafanya hivi: ninatoa robo ya plato, zile zenye zimelegea zaidi, biringanya, tomati, kitunguu, ninazipondaponda mu kikaango na mwiko, ninatia kikombe cha maji ya moto, kitunguu saumu, kijiko cha pasta ya tomati, inachemka dakika tano inakuwa sosi nzito, halafu zile robo tatu zilizobaki zinaingia hapo mwishoni tu zisipoteze rangi yao. Kama uko na sambaza, zile samaki ndogo za ziwa Kivu, zimekaangwa pembeni, zitie juu pale unapoandaa, si mbele. Hapo bugali imepata rafiki, na watoto hawataiacha.

Siku ya pili, asubuhi, mayai. Mboga za jana zinakatwa ndogo, kikaango kina moto, zinapashwa mpaka zinatoa moshi kidogo, mayai inne zinamiminwa juu, unafunika. Ukipata fomaji ya Masisi, ile ya mviringo tunaonaka pembeni ya barabara, kwaruza kidogo juu mbele ya kufunika. Sijui kifungua kinywa chenye kinapita hicho.

Mchana ya siku ya pili ni maharagi. Nilikuwa na shangazi, hakupenda kabisa tutie kitu ingine mu maharagi yake, chumvi, kitunguu, mawese, basi. Siku moja nilitia viganja viwili vya karoti na shu za kuoka mu sahani yangu mwenyewe, akatazama, akachukua kijiko akaonja mu sahani yangu, akarudi akaonja tena, kisha akasema mu sauti ya chini, "leta ile kasahani." Tangu ile siku alikuwa ananiuliza kila posho kama nimeoka. Hayuko tena, lakini kila mara ninatia zile karoti mu maharagi ninamuona pale anasimama na kijiko.

Na kama kunabaki bado: muchele. Ao supu, unasaga na maji na kirayi kimoja, hata yenye imeungua kidogo inasaidia ladha, yenye imekuwa makaa kabisa toa. Ao ndani ya chapati na pilipili, ile ya kubeba ku kazi.

Hatuna frigo, umeme ni wa kuja na kuenda. Ile plato nitaiweka vipi mpaka kesho? Na mutu alinifundisha kuweka vitunguu saumu vya kuoka mu chupa ya mafuta, eti vinakaa mwezi. Ni kweli? (Mama wa Majengo)

Nianze na ile ya pili juu inaniogopesha. Hapana mama, usifanye. Kitunguu saumu ndani ya mafuta, mu chupa imefungwa, inje ya frigo, inaweza kuzaa sumu ya botulizimu. Ile kijidudu inatoka ku udongo, inapenda pahali hewa haifiki, na mafuta inaifungia hewa vizuri kabisa. Haibadilishi harufu, haibadilishi rangi, hautajua. Kama umeshatengeneza chupa itupe, hata kama inakuuma juu ya mafuta. Kitunguu saumu kioke siku ile ile, kichwa kizima na ngozi yake, ukikamue ku mboga, basi. Wenye wako na frigo yenye umeme wake haukatiki wakiweke humo na wakimalize mu siku chache.

Kwa plato yenyewe: chakula chenye kimepikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Mu frigo yenye inafanya kazi, siku tatu, inne. Bila frigo pika ya kula leo, na zile njia za siku ya pili nilimuandikia baba wa Keshero zifanye jioni ile ile kwa chakula cha usiku. Ninajua inauma kusikia hivyo, ninajua maisha ya umeme wa kwetu. Lakini kuna kitu unaweza kutayarisha bila hatari: mboga mbichi. Karoti, kitunguu, shu na birayi zinakaa siku mingi pahali pa baridi na giza, na hapa Goma usiku wetu uko baridi vizuri. Oka kidogo kidogo, mara mingi.

Huku Lubumbashi mama mukwe yangu anasema mboga bila mafuta ya mawese si mboga. Inafaa ku kuoka? (Muke kijana, Katuba)

Inafaa mutoto yangu, na umusikilize mama mukwe. Tu moto upunguze, digri 180 hivi, na uipe dakika kumi zaidi. Mawese ikipita ku moto mukali sana ile rangi yake nyekundu inapotea, na ile rangi njo vitamini yenyewe, tunaitafuta. Mimi ninafanya nusu nusu: ninaoka na mafuta ya kawaida, zikitoka zingali za moto ninamimina kijiko kimoja cha mawese imepashwa, ninachanganya. Harufu inajaa nyumba yote.

Mimi ni tate wa wajukuu sita, meno yangu imepungua, karoti zenu ni ngumu kwangu. Unaweza kunipatia kitu? (Tate wa Mabanga)

Tate, shikamoo, na nimefurahi sana barua yako kunifikia, mwandiko wako ni muzuri kuliko ya wengi wetu.

Kwako ni boga na kiazi kitamu. Na kiazi kitamu, Tate, usikiharakishe. Kikipashwa polepole kinageuza wanga yake kuwa sukari chenyewe, hiyo kazi inafanyika pale ndani yake moto uko kama 60 mpaka 75, ukikipiga moto mukali tangu mwanzo kinapita hapo mbio na utamu unakuwa kidogo. Kwa hiyo chukua vizima, na ngozi, vya ukubwa wa ngumi ya mutoto, uvizike mu majivu ya moto pembeni ya mbabula, si mu makala yenyewe, saa moja ao zaidi, wajukuu wavigeuze. Utaona pale ngozi inapasuka kunatoka kama asali nyeusi, inashikana na vidole. Hapo kimeiva. Kipasue katikati, toa ile nyama na kijiko, chumvi kidogo sana, na kama kuna boga ya kuoka iponde pamoja nayo. Haihitaji meno hata moja. Na wale wajukuu uwaambie cha kwanza kutoka mu majivu ni cha Tate.